FELEJI YETU ITATOKA WAPI?

Ndugu wafanyakazi wa migodi na wa reli, na ninyi wenyeji wote wa mji wa Kamina: tazameni vitu vya chuma vilivyomo nyumbani mwenu, kisha ulizeni kila kimoja kimetoka nchi gani. Jembe la mama, panga, msumari uliopigiliwa juu ya bati, bati lenyewe, nondo zilizofichwa ndani ya ukuta wa shule, baisikeli ya baba, reli inayopita katikati ya mji. Karibu vyote vimekuja kwa meli na kwa kamyo kutoka nchi za wengine. Sisi tunaokaa juu ya shaba, kobalti, bati, manganezi na makaa ya mawe, tena tuna mito yenye nguvu ya kutoa umeme, tunanunua msumari kwa watu wasio na hata nusu ya mali hiyo.

Wako wanaolicheka jambo hili. Husema, «Kila nchi ina kazi yake; sisi kazi yetu ni shaba.» Sisi hatucheki. Mgodi wa shaba hauwezi kufanya kazi siku moja bila feleji, na gari la moshi hali kadhalika, na mkulima wa Kabongo vilevile. Mtu asiyeweza kujitengenezea feleji hata kidogo huuza shaba yake kwa bei ya mwenzake, kisha hununua sururu kwa bei ya mwenzake huyo huyo.

Yafaa kwanza tuseme feleji ni nini, maana wengine huichanganya na chuma chochote. Chuma kinachotoka kwenye tanuru kubwa kwa mara ya kwanza kimelewa kaboni ya makaa: ni kigumu, lakini ukikipiga hupasuka kama chungu. Kikipunguziwa kaboni hiyo mpaka ikabaki chini ya sehemu 2 kwa 100, hapo ndipo tunapata feleji, ambayo hupindika bila kuvunjika na hubeba gari la moshi bila kulalamika. Njia za kuipata ni mbili kubwa, na tunamwomba msomaji azishike kichwani, kwa sababu maneno yetu yote ya leo yamesimama juu yake. Njia ya kwanza ni ya mawe: kwa kila tani ya feleji huingia karibu tani moja na nusu ya mawe ya chuma, na zaidi ya nusu tani ya makaa ya mawe, tena si makaa yoyote, bali yale yanayokubali kuokwa yakawa koki. Njia ya pili ni ya vyuma vikuukuu, vile tunavyoviita mitrayi: unavitia katika tanuru la umeme, unaviyeyusha, unapima, unasahihisha, unamimina. Huko huhitaji mgodi wala koki. Unahitaji vyuma, umeme wa kilowati-saa 500 hivi kwa tani, na watu wanaojua kazi yao.

Sasa, kwa nini tunaandika haya leo? Mwaka 2025 Serikali huko Kinshasa ilitangaza mradi mkubwa wa mawe ya chuma katika nchi iliyokuwa Mkoa wa Mashariki, yaani Tshopo na Uele zote mbili, pamoja na reli na njia za mto za kuyafikisha mawe kwenye bandari ya Banana. Yanatajwa mabilioni ya dola. Watu wengi wamepiga makofi. Sisi hatukatai mradi, lakini tumesikia neno «bandari» kabla ya kusikia neno «tanuru», na masikio yetu ya Katanga yamezoea muziki huo. Jiwe linaloondoka likiwa jiwe humwachia mwenyeji shimo na vumbi.

Tena hii si mara ya kwanza Kongo kuahidiwa feleji. Vijana wengi hawalijui jina la Maluku. Wazee wanalijua, na yafaa walisimulie.

Maluku ni mahali kando ya mto Kongo, mashariki ya jiji la Kinshasa. Hapo, katika miaka ya 1970, Serikali ya Mobutu ilijengewa na kampuni za Ulaya, hasa za Italia, kiwanda cha feleji kilichogharimu zaidi ya dola milioni 150, nazo zilikuwa fedha za mkopo. Kilipewa uwezo wa kutoa tani 250,000 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ilisikika vizuri masikioni: bwawa la Inga la kwanza lilikuwa limefunguliwa mwaka 1972, umeme ulikuwa mwingi kuliko wa kuutumia, basi na tuuyeyushie chuma. Matanuru yalisimama, picha zikapigwa, hotuba zikasemwa, na kiwanda kikaanza kazi katikati ya miaka hiyo.

Kilichofuata ni hesabu, na hesabu haina huruma. Mawe ya chuma ya Kongo yalikuwa mbali sana, hayakuchimbwa, na hakuna reli iliyoyafikia. Basi kiwanda kikabidi kula vyuma vikuukuu, na kwa kuwa hakuna aliyepanga kuvikusanya nchini, vikaagizwa kutoka ng'ambo. Fikirini, ndugu: nchi inakopa fedha ili ijenge kiwanda cha kuiepusha na feleji ya kigeni, kisha kiwanda hicho hicho kinangoja vyuma vya kigeni vipande kutoka Matadi kabla ya kuwasha moto! Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, fedha za kigeni zikaadimika, vyuma havikuja, vipuri havikuja. Kiwanda hakikuvuka sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na feleji yake ilikuwa ghali mara nyingi kuliko ile inayoshuka melini. Katika miaka ya 1980 moto ukazimwa. Deni halikuzimwa.

Wako wanaosema Maluku ilikufa kwa sababu Mwafrika hawezi kiwanda. Hilo ni neno la uongo, na mfanyakazi yeyote aliyesimama mbele ya tanuru la shaba Lubumbashi anajua ni uongo. Maluku ilizaliwa ikiwa mgonjwa. Mtu alianza na umeme, kisha akatafuta kiwanda cha kuula umeme huo, na mwisho kabisa ndipo akauliza chuma kitatoka wapi na nani atakinunua. Njia ingekuwa kuanza na mnunuzi na chuma, na umeme ukafuata nyuma. Umeme wenyewe wa Inga ulipatiwa kazi nyingine: waya wa kilomita karibu 1,700 ukatandazwa kuvuka Kasai hadi Kolwezi, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya migodi. Unapita juu ya vichwa vya wanakijiji wanaowasha koroboi, maana umeme wa namna ile, unaokwenda upande mmoja bila kugeuka, hauwezi kuchotwa njiani bila mitambo ya bei kubwa mno. Hiyo nayo ilikuwa deni.

Wala si Kongo peke yake. Nigeria ilianza kiwanda cha Ajaokuta mwaka 1979 kwa msaada wa Warusi, kikajengwa karibu chote, na tanuru lake kuu halikutoa feleji ya kuuzwa. Tanzania ilitia sahihi mwaka 2011 kwa ajili ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, na miaka zaidi ya kumi ikapita kwa mazungumzo. Hatutaji haya ili kuwacheka ndugu zetu. Tunayataja kwa sababu watu wenye kuuza viwanda vikubwa hawakosi safari moja hata moja ya kuja Afrika.

Na sasa turudi kwetu Lomami, maana hadithi ya chuma hapa ni ya zamani kuliko ya Bwana Mobutu na kuliko ya Wabelgiji pamoja.

Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ndani ya jimbo letu. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu iliyopita pamoja na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na vyuma: majembe, mikuki, shoka za sherehe. Katika bonde hilo hilo la Upemba lilikutwa kaburi la mkubwa aliyelazwa na fuawe ya mhunzi karibu na kichwa chake. Waluba wanajua maana yake bila kuuliza. Masimulizi yetu husema Mbidi Kiluwe alikuja kutoka mashariki, na kwa mwanawe Kalala Ilunga ikaingia enzi mpya pamoja na ufundi wa chuma. Kwa baba zetu, mfalme na mhunzi walikuwa ndugu wa karibu.

Ufundi wao ulikuwa wa akili. Chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,538, na tanuru la udongo na mivukuto ya ngozi havifiki huko. Basi hawakukiyeyusha, walikitenga na jiwe kikiwa kigumu, kwa joto la nyuzi 1,200 hivi na moshi wa makaa ya miti, kikatoka bonge lenye matundu kama sifongo, nao wakalipiga nyundo mpaka uchafu ukatoka. Leo wenye viwanda vya India wanatenga chuma kwa njia ya jamaa moja na hiyo, bila kukiyeyusha, katika mapipa makubwa yanayozunguka, na India imekuwa ya kwanza duniani kwa chuma hicho, ambacho huitwa hivyo hivyo, chuma cha sifongo. Lililowaua wahunzi wetu ni jembe la dukani. Liliposhushwa na gari la moshi, likiwa rahisi na limelindwa na kodi iliyomlazimu mtu kutafuta franka, mivukuto ikanyamaza kijiji baada ya kijiji. Reli ya kwenda Ilebo ilipofunguliwa mwaka 1928 ilipita Kamina ikibeba nje shaba na kuleta ndani vyuma vya Ubelgiji. Njia ya Kabalo ikaongezwa mwaka 1956. Mji wetu umekuwa njia panda ya chuma cha watu wengine kwa karibu miaka mia.

Hatutaki kurudi kwenye mivukuto ya ngozi. Tunataka kuonyesha kwamba mali ya kuanzia ipo, tena karibu.

Chukueni Kisenge. Kutoka mgodi huo, upande wa Dilolo, manganezi ilichimbwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kupelekwa kwa reli ya Benguela hadi Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga njia mwaka 1975, kazi ikasimama. Manganezi ni chumvi ya feleji: bila kidogo yake feleji haiwi nzuri, na ikitiwa sehemu 12 kwa 100 au zaidi, unapata feleji ya ajabu ambayo kadiri inavyogongwa ndivyo inavyozidi ugumu. Mwingereza mmoja, Hadfield, aliigundua mwaka 1882. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashine za kuvunja mawe mnaijua kwa macho, maana taya za mashine zile ndizo hizo. Kwa hiyo jiwe lilitoka Katanga, likavuka bahari, likageuka taya huko Ulaya, likarudi Katanga kuvunja mawe mengine ya Katanga. Kila kilomita ya safari hiyo tuliilipa sisi.

Makaa ya Luena, wilaya ya Bukama, yapo pia, nasi tusiyasifu kupita kiasi. Yana majivu mengi na hayaokwi yakawa koki, kwa hiyo tanuru kubwa la namna ya Ulaya haliyataki. Lakini njia ile ya India ya chuma cha sifongo haiulizi koki. Hutumia makaa ya kawaida. Hiyo ni kazi ya kupimwa na wataalamu, pole pole, si ya kutangazwa redioni. Wengine hutaja makaa ya miti kama wafanyavyo Brazil. Huko wanapanda mikaratusi kwa maelfu ya hekta kwa kazi hiyo. Kwetu gunia la makala limekwisha kuwa ghali jikoni, na anayetaka kulisha tanuru kwa miti ya miombo bila kupanda hata mmoja asije Kamina kuomba kura.

Mali iliyo kubwa kuliko zote kwa leo ni ile tunayoikanyaga: vyuma vikuukuu. Hebu tuhesabu. Reli yenye uzito wa kilo 30 kwa mita, zikiwa mbili sambamba, ni tani 60 za feleji katika kila kilomita ya njia. Kutoka Bukama hadi Ilebo ni kilomita 1,123. Hiyo ni zaidi ya tani 67,000 zilizolala chini, bila kuhesabu mabehewa, mataruma ya chuma, madaraja, wala mitambo ya migodi iliyokufa. Kila reli inayochakaa na kung'olewa ni feleji nzuri, yenye kaboni na manganezi ndani yake, iliyokwisha kulipiwa na jasho la babu zetu. Tangu miaka ya 1990, mishahara ilipokatika, biashara ya vyuma vikuukuu katika Katanga yote imekula mashine, nyaya, na hata reli. Mtoto mwenye njaa huuza bolti kwa bei ya mkate. Hatumtupii yeye jiwe la kwanza. Lakini yule mwenye mizani, anayejaza makamyo yaelekee mpakani, huyo tunamtazama.

Majirani zetu wa Zambia hawakungoja. Katika miaka ya 2000 walisimamisha kiwanda mjini Kafue, kusini kidogo ya Lusaka, cha kuyeyusha vyuma vikuukuu kwa umeme. Kinatoa nondo za kujengea na mapira ya feleji ya kusagia mawe, na mali yake inauzwa hata kwetu. Zambia haikuanza kwa kujenga Maluku. Ilianza na kile ambacho mjenzi wa nyumba na mwenye mgodi hununua kila mwezi.

Hayo mapira tuyatazame vizuri, maana hapo ndipo penye fedha. Katika kinu cha kusagia mawe ya shaba, mapira ya feleji huzunguka pamoja na mawe na kuyaponda, nayo huisha taratibu kama sabuni. Kwa kawaida kila tani ya mawe hula nusu kilo hadi kilo moja ya mapira. Mgodi unaosaga tani milioni 10 kwa mwaka hula basi tani 5,000 hadi 10,000 za feleji, kila mwaka, bila kukosa, bei ya shaba iwe juu au chini. Migodi mikubwa kati ya Kolwezi na Likasi si mmoja. Mnunuzi ambaye Maluku haikuwa naye sisi tunaye mlangoni.

Tukisema kiwanda, basi, hatusemi mnara wa kupigia picha. Tanuru dogo la umeme la kuyeyusha tani 3 kwa saa linahitaji megawati 2 hivi. Bwawa la Kilubi, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi ya jeshi ya Kamina, liliwekewa mashine za karibu megawati 10. Linganisheni wenyewe. Tanuru kama hilo, pamoja na kalibu za mchanga na karakana nzuri, linaweza kutoa mapira, viatu vya breki za mabehewa, taya za mashine, vyuma vya kushikia reli. Na liko jambo jingine ambalo ni rahisi zaidi, nalo hufanyika India kila siku: reli kuukuu haiyeyushwi hata kidogo, bali hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, hupasuliwa kichwa, kiuno na miguu, kisha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma ikatoka nondo au bamba la majembe. Feleji ya reli ni ngumu, jembe lake halipindi upesi. Wahunzi wetu wa sokoni, wanaofua visu kutoka resori za kamyo juu ya kipande cha reli kilichogeuzwa fuawe, wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Wamekuwa kiwanda chetu cha feleji miaka yote hii, hawana umeme, hawana mkopo, na hakuna waziri aliyekwenda kuwafungulia kwa utepe.

Kusema kweli, reli mpya haitatoka katika tanuru dogo. Reli inataka mitambo mirefu na mizito ya kukandamizia, na vipimo vikali, maana maisha ya abiria yako juu yake. Tutaendelea kununua reli nje kwa muda mrefu. Anayewaahidi reli za Kamina ndani ya miaka mitano anawauzia Maluku nyingine.

Watu wa hesabu watatuambia kwamba China inatoa zaidi ya nusu ya feleji yote ya dunia, na hakuna awezaye kushindana na bei yake. Pwani, hilo ni kweli. Lakini Kamina si pwani. Tani ya nondo inayoteremka Dar es Salaam au Durban bado ina safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, mipaka, kodi, na barabara tunayoijua. Umbali ule uliotunyima bei nzuri ya mahindi yetu ndio huo huo unaoweza kuwa ukuta wa kiwanda kichanga. Lililo gumu zaidi ni umeme wenyewe. Migodi mikubwa inalia kwamba haupatikani wa kutosha, na tanuru lisilopata umeme wa uhakika huganda na chuma ndani yake, hasara juu ya hasara. Kwa hiyo kabla ya kununua tanuru, fundi wa Kilubi alipwe na mashine zake zitengenezwe. Hapo patahitaji fedha, na hatudanganyi mtu kwamba ni kidogo.

Ujuzi hatuna sababu ya kuuomba wote nje. Karakana kuu za Panda, mjini Likasi, zilisubu vipuri vya migodi kwa miaka mingi kwa mikono ya Wakongo. Manono iliyeyusha bati porini kwa umeme wa Piana Mwanga. Mafundi waliofanya kazi hizo wamezeeka. Wengine wamelala kaburini, wengine wanauza vocha za simu kando ya barabara. Kila mwaka unaopita bila kuwaweka mbele ya vijana ni kitabu kinachochomwa. Shule za ufundi za mji huu zingeweza kuwaita kesho, hata kabla ya kiwanda kuwapo, kwa mshahara mdogo na kiti cha heshima.

Neno moja kwa wale watakaosimama mbele ya moto huo, maana gazeti linalosomwa na wafanyakazi lisiponena hili litakuwa linatumikia wengine. Kuyeyusha vyuma vikuukuu ni kazi ya hatari kuliko inavyoonekana. Kipande chenye maji kikitumbukizwa katika feleji iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke mara moja na kulipua tanuru zima usoni pa watu. Mtungi wa gesi uliofungwa ni bomu. Vyuma vya jeshi vinaweza kuwa na baruti ndani, na pande zetu, penye kambi kubwa na historia tunayoijua, hilo si jambo la kubuni. Kiwanda kisichochagua vyuma vyake, kisichokuwa na banda la kuvikausha, kisichowapa watu vazi la ngozi, miwani na viatu, hicho kisifunguliwe. Mhindi, Mchina, Mbelgiji au Mkongo mwenzetu akiwa ndiye tajiri, sharti ni lile lile.

Basi wajumbe wetu wanaporudi Kamina kutusalimu, tunawashauri wasomaji wawaulize mambo manne, kwa adabu, mkutanoni, mbele ya watu. Kuna sheria gani inayobakiza vyuma vikuukuu ndani ya nchi, na nani anaisimamia Kasumbalesa? Je, migodi iliyopewa ardhi yetu iko tayari kuandikiana mkataba wa kununua mapira ya kusagia yanayofanywa hapa, hata kwa sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake? Katika ule mradi mkubwa wa Mashariki, ni tani ngapi za mawe zitakazogeuzwa chuma kabla ya kufika Banana? Na reli zote zilizong'olewa katika njia ya Kamina tangu mwaka 2010: zilipimwa tani ngapi, nani alishika mizani, na zimelala wapi leo?